Masweta ya Mashefu wa Manika

Kalumba alilipata wazo lake matangani, alikokwenda kwa ajili ya bukari, ule ugali wa kwao. Ilikuwa mwezi wa sita wa 1993, baridi imeibana Kolwezi, na waombolezaji walikuwa wamelizunguka jiko la makaa huku marehemu amesahauliwa kidogo. Ndipo bosi mmoja, Shefu Nkulu, akaingia, amevaa sweta.

Halikuwa sweta la dukani. Lilifumwa kwa mkono, sufu nzito nyekundu, na kifuani swala wawili wenye pembe kama matawi walitazamana katikati ya nyota nyeupe. Mtu mmoja akauliza limetoka wapi. Nkulu akajibu kwa sauti ya chini kwamba ni la zamani sana. Hapo hapo mashefu wengine wawili, Ngoy na Kabongo, wakaacha kutafuna.

Kalumba aliwaona, akaelewa jambo ambalo wenyewe walikuwa hawajalielewa. Mwaka ule watu wenye asili ya Kasai, ambao babu zao waliletwa kuchimba shaba, walikuwa wameambiwa warudi kwao, na wengi wao hapo kwao hawajawahi kupaona hata kwenye picha. Nyumba zikabaki wazi, viti vya biro, ofisi za wakubwa, vikabaki wazi. Nkulu, Ngoy na Kabongo walikuwa na wiki saba tu juu ya viti hivyo. Cheo walikuwa nacho. Walichokosa ni ukale. Kila mtu katika mtaa wao wa Manika alijua siku waliyoanza ushefu, na wengine walikumbuka hata saa. Mtu wa namna hiyo akivaa sweta la miaka hamsini, anaonekana kama alipokea ufunguo wa biro mkononi mwa mzungu.

Kalumba alikuwa karani wa bohari kwenye kampuni ya mgodi, kampuni yenyewe inakufa kidogo kidogo, na karani wa bohari tupu ana muda mwingi wa kufikiri. Akanawa mikono, akawapa pole wafiwa, akaondoka.

Kesho yake alikwenda stesheni. Familia zilizofukuzwa zilikuwa zimepiga kambi hapo kwa miezi mitatu zikingoja treni ya Mwene-Ditu, kule Kasai, katikati ya vitanda na makabati na hata mlango mmoja ambao mwenyewe alikataa kuuacha. Nusu ya watu wale Kalumba alisoma nao shule moja. Walipomsalimu alijibu haraka, akawa anatazama vyombo badala ya nyuso.

Mama Mianda, mjane wa fundi umeme, alikuwa amekaa juu ya sanduku anafuma. Kazi hiyo alifundishwa na masista akiwa msichana, na kwa miaka ishirini alikuwa amemvalisha mumewe. Masweta saba ya marehemu yalikuwa ndani ya sanduku lile. Alikuwa na binti wawili na mama mkwe mwenye kikohozi, na kilichomnyima usingizi ni behewa: wengi walisafirishwa juu ya mabehewa ya wazi, na kikongwe yule asingefika.

Kalumba akaushika mkono wake kwa mikono yote miwili.

"Mama, mi na shefu wa gare tulinyonya ziwa moja," akasema, akionyesha ofisi ya mkuu wa stesheni. "Behewa ya kufunikwa, na mulango yake, nitakupatia. Unipatie tu zile triko ya marehemu tata."

Mama Mianda aliweka sindano zake kando. Kisha akainuka, akafungua sanduku, akampa moja.

La kwanza lilikwenda kwa Ngoy. Kalumba alimsimulia kwamba lilikuwa la injinia wa Kibelgiji aliyelia alipolivua mwaka wa sitini, uhuru ulipofika. Ngoy akatoa redio. Kabongo alipouziwa la pili, walikuwa wamelia mainjinia wawili, naye akatoa baiskeli. Nkulu hakukubali kupitwa na watoto wa juzi, akatoa magunia mawili ya unga kwa sweta ambalo, kwa maelezo ya Kalumba, lilikataa kupanda ndege. Kila mmoja aliapishwa asiwaambie wenzake, kwa hiyo wote walijua kabla ya jioni.

Mwezi wa nane sanduku likawa tupu. Kalumba akaanza kununua mitumba na kuifumua ili kupata sufu, na Mama Mianda akafuma mapya. Kalumba aliyazeesha mwenyewe nyumbani: aliyachemsha kwenye chai nzito, akayafukiza moshi, kisha akayatoboa kwa msumari mashimo matatu matatu ya nondo. Kila alipokuja kuchukua, Mama Mianda aliulizia behewa. Mara linapakwa rangi, mara linatiwa grisi. Mama alisema vizuri, akaendelea kufuma.

Mwezi wa tisa joto likafika, na hapo mambo yakawa magumu kwa mashefu. Atakayevua kwanza ndiye shefu aliyeanza jana. Kwa hiyo hawakuvua. Makaratasi ya biro yaliwaganda mikononi. Ngoy alizimia katikati ya mkutano, na walipotaka kumvua apate hewa, alizinduka akakataa, kisha akazimia tena kwa heshima zake.

Jumapili moja, baada ya misa, Nkulu alisimama uwanjani mwa kanisa katika sweta lake jipya kabisa, la mwaka 1938, alilolipia friji nzima. Jua lilikuwa la kupasua mawe. Jasho likaanza, na nyuma ya jasho ikafuata chai. Ilishuka shingoni, ikaipaka kola nyeupe rangi ya udongo, ikatiririka hadi kwenye suruali. Kabongo akauliza kwa upole nani amemwaga kifungua kinywa. Nkulu akainua pindo la sweta ajifute uso, pindo likafunguka, na kwa ndani, kwa tarakimu ndogo za uzi ule ule, ikasomeka 1993.

Ngoy alicheka mpaka alipokumbuka kufunua lake. Alikuta 1981. La Kabongo lilikuwa 1984. Waumini wakasogea kupisha njia. Kisha mashefu watatu wakaanza kutembea kuelekea nyumbani kwa Kalumba, na baada ya hatua chache wakaanza kukimbia.

Kalumba alikuwa nyuma ya umati, akaona yote. Bahati yake, watu waliovaa sufu hawakimbii mbali. Walipumzika mara tatu njiani. Yeye alipata mkokoteni, akapakia friji, redio, baiskeli na unga, akafikiri. Barabarani askari wote walimjua Nkulu. Palibaki mahali pamoja tu Kolwezi ambapo mashefu wale wasingethubutu kutia mguu: stesheni, mbele ya macho ya watu waliowarithi wakiwa hai.

Stesheni treni ilikuwa imesimama, ya kwanza baada ya wiki tatu. Mama Mianda hakushangaa kumwona. Alimweleza kwamba mwanawe Tshilombo alitangulia na treni ya mwezi wa tano, lakini jina lake bado liko kwenye karatasi ya familia. Kalumba angeweza kuwa Tshilombo. Ila juu ya behewa la wazi, na friji pembeni, Manika nzima ingemwona.

Basi Kalumba alikwenda kwa mkuu wa stesheni, mtu ambaye hakuwahi kumwona maishani. Behewa la kufunikwa lilikuwa limebaki moja. Friji ikapata mwenyewe mpya kwa dakika nne, na behewa likawa lao. Binti wakampandisha bibi yao, vitu vikaingizwa, na karani alipokuja kuuliza mizigo ni ya nani, Mama Mianda alisema ni yake, akatia sahihi. Kalumba aliinamisha kichwa kama mtoto mwema. Hesabu yake ilikuwa rahisi: Lubudi kuna mjomba wake mwenye shamba, na pale angeteremka na kila kitu.

Treni ilipoondoka, alimuuliza kuhusu zile tarakimu.

"Triko yangu yote iko na mwaka yake," Mama Mianda akasema. "Haukuniuliza."

Kisha akamwambia lingine, bila hasira, macho kwenye sindano zake. Tangu mwezi wa saba alikuwa amemuuliza mkuu wa stesheni, na mkuu hakumjua Kalumba yeyote. Lakini aliendelea kufuma.

"Mutu wa bongo, ule anadanganyaka, akikimbia, anabebaka bitu," akasema. "Na ku Kolwezi, njia ya kukimbilia ilibakia moja."

Kalumba hakulala vizuri. Kesho yake mchana walipofika Lubudi, aliruka chini, akamwita askari, akadai ashushiwe mali yake. Askari akataka karatasi. Karatasi ilisema Tshilombo, mwana wa marehemu Ntambwe, Kasai.

Kalumba akaeleza kwamba yeye ni Kalumba, mama yake amezaliwa palepale Lubudi, na akaanza kutaja mababu. Askari alisikiliza kwa uchovu. Kwa miezi sita kila behewa lilikuwa limemletea mtu mwenye nyanya Lubudi, na kila mmoja alikuwa na mababu wengi wa kutaja. Kalumba alisikia sauti yake mwenyewe ikipanda, ikisihi, na akatambua kwamba sauti hiyo alikwisha kuisikia stesheni, vinywani mwa wengine, wakati akitazama makabati.

Askari akamgeukia Mama Mianda, akamuuliza kama anamjua mtu huyu.

Mama alisimama mlangoni mwa behewa. Nyuma yake kikongwe alikohoa. Alimtazama Kalumba kutoka viatu hadi paji la uso, taratibu, kama mtu anayempima sweta.

"Ni mwana yangu," akasema. "Tangu baba yake anakufa, akili yake inatembeaka mbali. Mutusamehe, tata."

Askari akampa pole, akamshika Kalumba kwapani kwa huruma, akampandisha. Mlango ukavutwa. Treni ikaanza kwenda, na mashamba ya Lubudi, pamoja na lile la mjomba, yakapita kwenye ufa wa mbao. Kikongwe akasema neno kwa Kiluba cha Kasai, binti wakacheka, na Kalumba, ambaye hakuelewa hata silabi, akacheka pia asibaki peke yake.

Mama Mianda akatoa fungu la sufu, akalivika kwenye viganja viwili vya Kalumba, akaanza kuzungusha uzi.

"Kamata muzuri, Tshilombo," akasema. "Mwene-Ditu iko mbali."

Kalumba akanyoosha mikono.