Thrombini Kila Mahali

Jumatatu, 3 Machi
Iandikwe, na vizazi vijavyo vijue: kichupa kimefika! Saa nne asubuhi, ndani ya boksi la barafu, kidogo kuliko kidole changu cha mwisho. Mle ndani mna matone ya kingamwili. Kazi yake ni moja tu: kuinasa thrombini, kile kimeng'enya kinachogandisha damu, ili ionekane nyeusi kwenye picha. Aliyesaini kukipokea ni mimi. Wengine walisimama tu.

Profesa katangaza kwamba mikataba yetu mafundi wawili wa maabara inaisha mwezi huu na nafasi iliyobaki ni moja. Atakayeleta picha safi ya thrombini Ijumaa ndiye atakayebaki. Mwenzangu, Bi Taratibu, akaiandika hiyo Ijumaa kwenye daftari lake. Huyu ni mtu anayeandika tarehe hata kwenye ndoo ya taka. Nilimwonea huruma.

Nyumbani, mke wangu kasema nikiikosa hiyo nafasi tunahamia kwa mama yake. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumanne, 4 Machi
Wazo! Sampuli za damu, na moja ya maji matupu ya kulinganishia, tunazihamishia kwenye karatasi nyeupe, kisha karatasi inalowekwa kwenye maziwa ya unga saa nzima, eti kingamwili isije ikajishikiza ovyo. Kazi hii nimejifunza kwa kuchungulia, na hapo kwenye maziwa siku zote niliona wasomi wanapoteza muda. Lakini Taratibu bila maziwa hana mbele wala nyuma! Alipotoka kunawa, kopo zima likaingia kwenye mkoba wangu.

Chai ya jioni ilikuwa nzito, ya heshima. Shemeji kanywa vikombe vitatu, akasema siku hizi dada yake ameolewa na mtu.

Jumatano, 5 Machi
Taratibu kaulizia kopo. Nikamwambia ni panya. Akasema huyo panya lazima ana mkoba. Mwanamke ana maneno huyu! Akaenda kuomba maziwa maabara ya jirani.

Uwanja ukabaki wangu. Maziwa sikuwa nayo, na wala sikuyataka. Karatasi, kingamwili, moja kwa moja! Picha ikatoka nyeusi tii, pembe hadi pembe. Thrombini kila mahali! Nimeibusu mashine.

Ijumaa, 7 Machi
Nimevaa tai. Nimeitundika picha mbele ya Profesa na wageni wake, nikatangaza ugunduzi. Profesa kavua miwani, kaifuta, kaivaa tena. Bado hakuamini macho yake.

Taratibu akanyoosha mkono, akaniuliza kwa sauti ya kubembeleza mtoto: "Kaka, ulipotia maji matupu ni wapi hapo?" Nikamwonyesha. Napo palikuwa peusi tii. Akauliza kama maji nayo siku hizi yanaganda kama damu. Nikajibu inategemea ni maji ya wapi. Wageni wakaangua kicheko. Mmoja alilazimika kutoka nje.

Picha yake yeye: nyeupe pe, mstari mmoja mwembamba penye damu, penye maji hamna kitu. Picha ya kimaskini kabisa. Nafasi wamempa. Mimi nimeambiwa nirudishe funguo na koti. Nilipopita mlangoni, Taratibu kaniambia nimsalimie panya.

Jumamosi, 8 Machi
Nimelala, nimeamka, nimeelewa. Picha yangu haina kosa lolote! Maji ya maabara ile ndiyo yenye thrombini, nao wanayaoshea vyombo! Watakuja kunipigia magoti.

Bahati nzuri sikuondoka mikono mitupu. Kabla ya kurudisha funguo nilikichomoa kile kichupa, matone yaliyobaki, na usiku nikakizika gizani chini kabisa ya friza yetu, maana kingamwili lazima ikae baridini. Jumatatu naanza utafiti huru, bila Profesa, bila Taratibu, na kwa hakika bila maziwa. Nimemwonya mke wangu, aliyekuwa anafunga vyombo kwenye maboksi, kwamba friza isiguswe: humo umelala mustakabali wetu.

Kanijibu bila kugeuka. Friza ilikufa mwezi uliopita. Siku hizi humo wanaweka viatu.