Roketi ya Kufukuza Mvua ya Mawe

Kwa heshima na taadhima, mimi Katibu Tarafa niliwatangazia wananchi kwamba Alhamisi, saa nane kamili mchana, kwa mara ya kwanza tangu milima hii iumbwe, ingerushwa roketi binafsi. Nasema binafsi. Serikali ilikuwa imejitoa kwenye biashara, hata ya angani.

Mwenye roketi ni mwekezaji aliyenunua shamba la chai huko juu. Mvua ya mawe ilimchania majani, akaagiza roketi ya kupasua mawingu. Nikaunda Kamati ya Kutazama Juu, wajumbe kumi na wanne, wote wenye shingo imara.

Wananchi wakaleta maswali. Mmoja alitaka kujua kama inapakia abiria. Mwingine aliuliza kama inaweza kuangukia Zirai, kwa mama mkwe wake. Hakusema anataka jibu lipi.

Tatizo lilikuwa Raheli, mkulima wa kabichi bondeni, chini ya chai. Kabichi zile ndizo zingempeleka bintiye Paskalina sekondari Kifungilo, na zilibakiza wiki mbili zikatwe. Aliniamkia vizuri, kisha akauliza: mawe yakifukuzwa kwenye chai, yanakwenda wapi?

Nikamweleza kwamba Kamati imeshapanga. Yatashuka bondeni, kwa kuwa wakazi wa kule wana uzoefu na maafa.

"Kumbe mvua ya mawe mnaipanga nyie, mzee?"

"Ofisi ndiyo inayopanga, mama."

"Basi naomba niandikiwe."

Mwanamke muungwana kabisa. Nikaandika, nikagonga mhuri: kuanzia leo, mvua yote ya mawe katika tarafa hii itanyesha kwa maelekezo ya ofisi hii. Ijumaa ikasomwa msikitini, Jumapili kwa Walutheri. Kichwa kilinivimba, sifichi.

Alhamisi watu walijaa uwanjani mpaka juu ya mapaa. Roketi ikalia puu, ikaingia kwenye wingu jeusi, vigelegele vikapigwa. Dakika kumi baadaye ikashuka mvua ya mawe isiyofuata maelekezo hata kidogo. Ilipiga chai, ikapiga bonde, ikampiga bosi wangu wa wilayani jukwaani akiwa katikati ya hotuba.

Kesho yake foleni ilianzia mlangoni kwangu hadi barabarani. Mbele Raheli, kabichi iliyotobolewa mkononi, macho mekundu kwa kulia. Roho iliniuma, jamani, lakini nikamwambia hiyo ni kazi ya Mungu. Akanionyesha barua. Nyuma yake mwekezaji, ana nakala. Nyuma ya mwekezaji bosi wangu, bandeji kichwani, naye ana nakala.

Raheli akasema kwa upole kwamba babu yake alikuwa mganga wa mvua. "Enzi zake, mwenye mvua akiharibu shamba la mtu, alifungwa kamba juani. Ng'ombe wake wakahamia kwa aliyeharibiwa. Mimi nataka Paskalina asome, basi."

Nikacheka. Nikamgeukia bosi aniokoe na ushirikina huu.

Bosi alijipapasa bandeji, akamuuliza dereva kama garini kuna kamba. Zilikuwepo mbili. Moja akampa Raheli, akamwelekeza lilipo zizi langu.