Mimi Si Sauti ya Pili

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeimba mbele ya ukumbi uliofurika. Pazia limefunguka polepole, taa zimenimwagikia, watu wa safu ya mbele wakaanza kufuta machozi. Halafu nikanusa moshi. Pasi! Shati la mteja lina alama ya pasi mgongoni, kahawia, imekaa sawasawa katikati.

Shangazi, mwenye duka hili la dobi ninamopiga pasi, ameniuliza kama nimelala nimesimama. Nimemweleza kwamba msanii halali, huwa anaangalia mbali. Akasema leo niangalie karibu, hasa hilo shati.

Jioni, darasani. Mwalimu wa sauti ametangaza kuwa Jumamosi kiongozi wa okestra anakuja kuchagua waimbaji wawili wa tamasha. Sauti ya kwanza amemwandika Chiriku. Mimi ameniandika ya pili. Ya pili! Miezi minane ya opera, jasho lote hili, niwe wa pili? Nimemwambia labda amekosea kuhesabu. Akasema hajakosea: sauti yangu ni ya chini, nzito kama asali, na nikiilazimisha juu itanipasukia.

Asali ya nini? Mimi nataka kengele.

Chiriku tunamwita hivyo kwa sababu hata asipoimba hanyamazi. Ananipenda kwa dhati, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Amenikumbatia, akasema tutaimba kama dada wa tumbo moja. Nimetabasamu kwa meno tu.

Jumanne, 4 Machi

Mpango: kuipandisha sauti kwa siku nne.

Nimekunywa mayai mabichi matatu ya kulainisha koo. Nikapanda juu ya stuli, maana sauti ya juu inahitaji kuanzia juu. Chumba cha kupigia pasi kilikuwa kimejaa mvuke, mashuka meupe yananing'inia kama mawingu, na mimi katikati yake nimefumba macho, naelea. Nikaiachia noti ya juu kabisa.

Fundi cherehani wa mlango wa pili akaja mbio, sindano mdomoni, akauliza nani kabanwa vidole mlangoni.

Mayai nayo hayakukaa tumboni. Tuyaache hayo.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango wa pili, wa akili zaidi. Nimemdanganya Chiriku kwamba darasa limesogezwa kutoka saa kumi hadi saa kumi na mbili. Nilitaka mwalimu peke yangu, nimlainishe.

Saa kumi nikafika. Hakuna mtu. Ukumbi mtupu, viti sitini, na jua la jioni likipita dirishani na vumbi likicheza ndani yake taratibu. Nikaviinamia viti. Viti vikanyamaza kwa heshima. Nikaviinamia tena. Nadhani mara ya tatu nilibaki hukohuko chini, nikasinzia.

Nimeamshwa saa kumi na mbili na mwalimu, shavu lake limevimba. Kumbe alikuwa kwa daktari wa meno, na darasa kweli limesogezwa hadi saa hiyohiyo! Wenzetu wengine walikuja baada yangu, wakanichungulia nikikoroma, wakakata tamaa na kurudi kwao; mwalimu amesema atawakemea wote. Chiriku pekee ndiye aliyewahi. Akamwambia mwalimu, mbele yangu, kwamba shukrani zote ni zangu kwa kumjulisha.

Wamenipigia makofi. Wawili.

Jumamosi, 8 Machi

Niandike harakaharaka.

Nilipoitwa, nikamwambia mpiga piano tunaanza na wimbo wa sauti ya kwanza. Mwalimu akashika kichwa. Nikapanda vizuri. Nikapanda zaidi. Halafu pale juu kabisa sauti ikapasuka, kitu kama mlango wa kabati la zamani. Kiongozi wa okestra akavua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na doa. Akasema ahsante.

Nikaenda kukaa dirishani. Sikulia. Nililia kidogo.

Chiriku akaanza. Sitaki kuandika hili: aliimba vizuri mno. Nje wingu moja lilikuwa linakwenda polepole, nikalifuata kwa macho, nikasahau nilipo, nikasahau aibu, nikasahau hata kumchukia. Nilipozinduka, chumba kizima kilikuwa kinanitazama. Sauti zilikuwa mbili. Ya pili ilikuwa yangu, iko chini ya ile ya Chiriku, imeibeba, na wala haikunichosha.

Nikafunga mdomo.

"Usinyamaze, binti," kiongozi wa okestra akasema. "Endelea hivyohivyo."

Nikaendelea. Chiriku akasogea akanishika mkono, na sikuutoa.

Tumechaguliwa. Sote wawili! Mwalimu amelia hadi shavu likamuuma. Shangazi nilipomwambia, alinigeuzia mgongo akakunja shuka moja mara tatu. Kisha akasema gauni la tamasha atalipiga pasi yeye mwenyewe, nisiliguse.

Jumapili, 9 Machi

Nimetembea mchana kutwa bila kujua naenda wapi. Barabara nzima ilikuwa laini, watu wote wazuri.

Na nimetafakari sana. Jana sikupanga lolote, na tazama jinsi nilivyowashangaza. Maana yake ni moja: watu hupenda kushangazwa. Basi siku ya tamasha, Chiriku akipanda kwenye noti ya mwisho, sitabaki chini kama nilivyoelekezwa. Nitapanda naye. Nitampita ngazi moja!

Sijamwambia mtu. Nimeijaribu mara nne, dirisha wazi. Ghorofa ya juu wamefunga lao kwa kishindo.

Wivu huo. Umeanza mapema.