Bomba la Bwana Ruuska

Jumatatu, 6 Novemba
Bomba la juu limezibwa. Msiba! Na ni mimi niliyelalamika. Dari ya bafu langu ilikuwa ikivuja tangu Septemba, nikawaza: Bwana Ruuska wa ghorofa ya juu, mgane, muuza nyama mstaafu wa soko la hapa Tampere, atashuka kuomba radhi. Nitampa kahawa. Hakushuka. Akaja fundi bomba, Marika, binti mwenye mabega ya mpiga makasia. Kaziba, kakausha sakafu bila kuombwa, kala maandazi yangu ya iliki, kalivika bomba koti nene la sufu la kuzima sauti. Kasema bibi, sasa utalala kwa raha. Kazi safi, sina la kusema. Lakini kupitia bomba lile nilimsikia Bwana Ruuska akiimba akioga. Huimba vibaya mno. Sasa kimya.

Daktari anasema huenda moyo wangu usiuone mwaka mpya. Basi naungama: nina miaka themanini na saba na nampenda mtu ambaye sijawahi kumwambia zaidi ya habari za asubuhi. Hapa kwetu mtu huchungulia tundu la mlango kabla ya kutoka, asije akakutana na jirani.

Jumatano, 8 Novemba
Mpango! Nikifurika mimi, atakuja kuona kulikoni. Nikalegeza nati chini ya sinki kwa koleo la kuvunjia njugu. Maji tele. Nikavaa blauzi ya buluu, nikasubiri.

Akaja Sylvi wa chini, kaloa chepechepe. Maji hushuka! Nami nimefundisha jiografia maisha yangu yote. Akauliza, ngazi nzima isikie, kama nimeanza kufuga samaki. Kama ndivyo, nisiwafugie jikoni kwake. Kisha akaiona blauzi. Akasema lo, mwalimu, harusi ya nani? Nyoka.

Alhamisi, 9 Novemba
Marika karudi. Kaitazama nati, kasema hii imeng'atwa. Nikamwambia yote, alikuwa kalala chali chini ya sinki, sikuuona uso wake. Alicheka mpaka tochi ikamponyoka. Akasema bibi wee, si upande tu ukagonge? Nikamjibu kwamba huo ni ushenzi. Nikamsihi alivue bomba koti. Akakataa katakata, kazi yake haivuliwi nguo. Nilimheshimu na kumchukia kwa pamoja. Alipotoka, nyayo zake zilipanda badala ya kushuka.

Ijumaa, 10 Novemba
Kengele! Nikachungulia. Bwana Ruuska! Kavaa tai, kachana nywele kwa maji, mkononi soseji nyeusi ya damu ndani ya karatasi. Akasema kupitia mlango kwamba bafuni kumekuwa kimya. Zamani alinisikia nikikohoa, ndipo akawa anaimba kwa nguvu, nijue juu kuna mtu. Akauliza, mwalimu, upo?

Nilikuwepo. Mkono ulikuwa kwenye kitasa. Nikabana pumzi, kama nilivyolelewa, nikasimama tuli mpaka akachoka. Akapanda polepole, akipumzika kila baada ya vidato vichache. Soseji kaitundika mlangoni. Ilikuwa bado ya moto.

Jumamosi, 11 Novemba
Nimeoka tangu alfajiri. Mpango huu hauna dosari hata chembe: kesho napanda kwake, natundika mkate kitasani, nabonyeza kengele, kisha nakimbia.