Leseni ya Kwanza ya Muuza Sigara

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma udhuru na kuniagiza nimwakilishe, hivyo najisalimu mwenyewe. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi na makamu wake wanne. Mwalimu Mkuu wa shule hii ambayo kelele zake tunazisikia. Wazee wetu wenye hekima na viti vya mbele. Wenye maduka, wenye vibanda, na ninyi mliokuwa mkipita njia mkasimama: itifaki izingatiwe! (Makofi ya wapambe.)

Leo ni siku ya kihistoria. Kwa niaba ya Idara, ambayo kwa unyenyekevu mkubwa naiongoza, natangaza kwamba kuanzia sasa hakuna atakayeuza sigara, tumbaku, wala zile sigara za kielektroniki zenye ladha ya embe na bablishi, bila leseni, na akimuuzia mtoto atanyang'anywa leseni hiyo papo hapo. Leseni ya kwanza ndiyo hii kwenye fremu. (Anainyanyua. Vigelegele.) Tafadhali msisogee, kioo kinaakisi.

Mambo haya hayakudondoka kama embe bivu. Tumekaa semina kumi na nne na wekishopu tisa, tumewashirikisha stekiholda wote, tumeunda framweki, na ndani ya framweki tumeweka rodimapu, ambayo mimi binafsi niliifuata hadi ng'ambo nikaona leseni kwa macho yangu haya mawili. Na matokeo yanajieleza: kwa miezi kumi na minane, hakuna hata duka moja lenye leseni lililomuuzia mtoto sigara. Asilimia mia! (Sauti kutoka nyuma: "Yenye leseni ni mangapi?") Swali zuri, litaingia kwenye kumbukumbu.

(Mwalimu Mkuu anasimama, kopo la biskuti mkononi.) Mwalimu, hukupangwa kwenye ratiba... Haya mama, sema, ila kwa ufupi.

("Humu mna vepu, hizo sigara za kielektroniki, arobaini na tatu, nimewanyang'anya wanafunzi wangu muhula huu. Zote wamezinunua kwenye kibanda kile cha langoni. Jumatatu binti wa miaka kumi na mitatu alianguka darasani, pumzi imekata. Mpaka leo yuko wodini. Naomba kitu kimoja tu: kile kibanda kifungwe." Anaweka kopo mezani.)

Ahsante kwa takwimu hizo, Mwalimu. Idara hailali. Rasimu ya kanuni inataka kibanda kiwe mita mia mbili kutoka lango la shule. Wataalamu wetu walikwenda kupima, wakakuta hatua kumi na moja. Sasa, kuhamisha kibanda ni mchakato, na mwenyewe ni mdau. Kwa hiyo tumeazimia kuhamisha lango. (Minong'ono.) Litafunguliwa upande wa nyuma, kule dampo. Penye nia pana njia! (Mwenye kibanda anapiga makofi peke yake.)

Kwa kumalizia, nikisema "Leseni!" mnaitikia "Kinga ya watoto!" Leseni! (Umati: "Iko wapi?") Leseni! (Umati, kwa nguvu zaidi: "Iko wapi?") Naona hamasa ipo.

Shukrani zangu za dhati zimwendee ndugu yetu mwenye kibanda, aliyetuazima viti, maji na kipaza sauti. Kipekee namshukuru kinyozi wa hapo jirani aliyetuazima hiki cheti chake cha kunyolea, pamoja na fremu yake, maana cha kwetu hakijachapishwa, kama ambavyo kanuni hazijapitishwa, mkaguzi hajaajiriwa, na ofisi ya kuombea leseni hatujaipata. Kinyozi, njoo uchukue, najua wateja wanakusubiri. Ahsanteni kwa kunisikiliza.

Mwalimu, umesahau kopo lako. Mwalimu? (Kiti chake ni kitupu. Kengele ya shule imelia, watoto wanatoka mbio, naye amesimama peke yake katikati ya zile hatua kumi na moja, mikono ameitandaza.)