Lazima Awepo Mtu wa Pili

Jamani, leo nimeaibika mpaka masikio yamepata moto. Naandika hapa hata viatu sijavua.

Mnajua Krismasi nyumbani Machame palijaa. Dada, mashemeji, watoto wamelala mpaka jikoni. Januari ikaingia, wote wakarudi Dar. Nikabaki mimi, ng'ombe, na droni aliyoniachia mdogo wangu. "Kaka, hii itakuchangamsha," akaniambia. Kibali alishashughulikia yeye mwenyewe. (Wenzangu huachiwa kuku.)

Nyumbani niliijaribu mara moja. Ikanasa kwenye migomba, ng'ombe akabana maziwa siku nzima, na shangazi yangu wa jirani akaingia ndani kusali kwa sauti. Basi leo nikashuka nayo Moshi mjini, kwenye bustani ya umma. Mlima ulikuwa wazi kabisa. Nilitaka kumtumia mdogo wangu video, aone kwamba nipo na nimechangamka.

Langoni kuna bango. Usikanyage majani. Usichunge mbuzi. Usioshe pikipiki. Na chini kabisa, kwa rangi mbichi: MARUFUKU KURUSHA DRONI UKIWA PEKE YAKO. LAZIMA AWEPO MTU WA PILI WA KUIANGALIA.

Nikasoma. Nikarudia. Peke yako! Hata bango linanijua!

Ningeweza kurudi nyumbani. Lakini nyumbani kuna nani? Nikaingia, nikairusha.

Haukupita muda, mlinzi huyo hapo, rungu kwapani.

"Mangi, habari za leo? Bango umeliona?"

"Nimeliona."

"Mwenzako yuko wapi?"

Hapo ningesema tu kwamba sina. Badala yake nikaangaza macho, nikaona mama mmoja kwenye benchi, kitenge cha njano, kikapu mapajani. Nikamnyooshea kidole.

"Yule pale. Mke wangu."

Mlinzi akamtazama yule mama. Kisha akanitazama mimi.

"Yule wa kitenge cha njano?"

"Huyo huyo."

"Mmeoana lini?"

(Mtu mwenye akili angeshtuka hapa.) "Zamani sana! Tulifunga ndoa kanisani kule juu. Mwanamke mzuri, ila kwa kununa!"

"Na kwenye kikapu kuna nini?"

"Mtori wa ndizi na nyama. Hawezi kuniacha nishinde na njaa."

"Ni mtori kweli," akasema mlinzi taratibu. "Huwa ananiletea kila mchana." Kisha akapaza sauti: "Mama Ndeshi! Njoo umsalimie mume wako mwingine!"

Jamani! Ardhi ya Moshi ni ngumu, haipasuki hata ukiiomba.

Bustani nzima ikageuka. Wauza karanga, wanafunzi, mpaka bwana harusi aliyekuwa anapigwa picha. Nikashusha droni haraka haraka, ikatua katikati ya yale majani yasiyokanyagwa. Ikabidi niyakanyage. (Kosa la pili hilo.) Mama Ndeshi akaja, akasimuliwa kisa chote, akacheka mpaka akajishika kiuno.

"Mae! Na kununa nanuna?"

"Nisamehe, mama. Sina mtu. Niliona aibu kusema."

Akaacha kucheka. Akatupeleka kwenye benchi lake, akafungua kikapu, akamimina mtori kwenye kifuniko cha chupa ya chai.

"Mume wangu, kaa hapo unywe kabla haujapoa."

Mlinzi akakaa, kisha akasogea kunipisha. "Kunywa, mangi. Ila tukimaliza, mke ni wangu."

Nikanywa. Tangu watu wangu waondoke nilikuwa sijakaa kula na mtu, na sikujua imeniuma kiasi hicho mpaka nilipoonja. Machozi yakanilenga. Nikasingizia pilipili. Mama Ndeshi akasema mtori wake hauna pilipili.

Sasa niko nyumbani, nimeifungua video. Mlima haumo hata kidogo, nilisahau kuigeuza kamera. Inaonekana bustani kutoka juu, watu wamekaa wawili wawili, na jamaa mmoja amesimama kivyake, anamnyooshea kidole mke wa mtu.

Msicheke. Au chekeni tu, lakini mmoja wenu aje Jumamosi. Kazi ni kuangalia juu. Mtori nitapika mwenyewe.