Adventina Mwenye Ndevu

Uvumi ulimkwama Adventina kooni kama mwiba wa sato: eti huko Kamachumu kuna Adventina mwingine, na huyo ana ndevu.

Mama huyu wa Izigo alikuwa amesubiri mtamba wa mradi wa kugawa ng'ombe miaka miwili, watoto wake wapate maziwa. Siku ya kugawa akawahi Kamachumu, akamkuta Mutalemwa, mjanja wa Bukoba mjini, akimlainisha karani Judica.

"Dada yangu, kompyuta yako haijui sura wala gauni. Inamjua mtu kwa namba ya simu. Namba ninayo. Basi Adventina ni mimi."

Namba ilikuwa ya Adventina kweli. Simu yake iliharibika, laini ikakaa kimya hadi ikafungwa, ikauzwa upya. Aliyeinunua ni Mutalemwa, na ujumbe wa mradi ukaanza kumfuata wenyewe: "Ndugu Adventina, ng'ombe wako..." Nani angekataa?

Judica akabonyeza. Kompyuta ikakubali.

"Haya, bwana Adventina, subiri fomu pale kwa daktari wa mifugo."

Adventina akasogea dirishani kwa karani.

"Mwanangu, namba ya simu tu inatosha?"

"Inatosha, waitu, mama yetu."

Akaitaja ileile. "Andika: sitaki mtamba. Najitolea kulitunza dume la mradi, miaka miwili, bila kulirudisha."

Judica nusura amkumbatie; akabonyeza, na fomu ya Adventina ikageuka kuwa ya dume. Dume lile lilikuwa limebomoa mazizi matatu na mbavu mbili za mzee Byarugaba.

Mutalemwa akaisaini kwa furaha, bila kusoma. Matapeli ni watu wenye imani kubwa. Akakabidhiwa kamba ya dume.

"Hili si langu!"

"Kwani wewe si Adventina?" daktari akashangaa.

"Ndimi, lakini..."

"Basi nenda nalo, mama!"

Watu walimwona mara ya mwisho njia ya Muleba, dume likiwa limeshika uongozi.

Ndipo Adventina akamgeukia Judica. "Ng'ombe mmewavika hereni zenye namba tupu, isiyotaja jina wala kijiji. Akiuzwa, akihama, ni yeye yule. Sisi watu mkatupa namba ya kukodi?"

Judica akaona haya. Majirani wa Izigo waliokuwapo wakathibitisha kuwa ndiye Adventina. Akaandikwa kwa namba mpya, yake peke yake, 413, simu ikiwekwa pembeni tu, akaondoka na mtamba.

Ya kuepuka:
Usikubali kutambuliwa kwa simu peke yake.
Wala kwa jina. Izigo akina Joanitha hawahesabiki.
Wala kwa kijiji. Watu huolewa, huhama.
Namba ya mtu asipewe mwingine, hata mwenyewe akifa.
Usisaini kwa furaha.